Kinyozi na Nyasi za Mama Yake

Kinyozi alikuwa hodari. Kichwa kikitoka mkononi mwake, hata nzi angeteleza. Basi kila Jumapili alizikata nyasi za uani kwa mkono ule ule, mpaka udongo ukaonekana. Kisha alisimama kibarazani, mikono kiunoni, akajisifu.

Mwaka mmoja mama yake alivunjika nyonga. Alipopata nafuu, muuguzi alimwambia atembee kila siku mahali laini. Mama alichagua nyasi za mwanawe. Alitembea hatua kumi asubuhi na kumi jioni, mkongojo mkononi.

Kiangazi kikaingia. Nyasi zikawa njano, zikatoka vipara. Kinyozi alizinyunyizia maji kidogo kila mchana, lakini wapi. Ardhi ikawa ngumu na yenye mashimo. Siku moja mkongojo uliteleza, mama akayumba, kinyozi akamdaka. Tangu hapo mama alikataa kutoka chumbani. Kinyozi aliogopa kwamba hatatembea tena.

Akamwita jirani yake, mtunza uwanja wa mpira. Mtaani walimwita Bi Uwanja. Alichuchumaa, akasukuma kidole ardhini. Hakikuingia.

"Sikuvishi kilemba cha ukoka, jirani," alisema. "Unaziua mwenyewe."

"Mimi? Mbona nazikata vizuri?"

"Unazinyoa. Nywele ukizinyoa huota tena. Lakini nyasi hujitengenezea chakula kwa majani yake. Ukiyamaliza, mizizi inakosa nguvu, na jua linachoma udongo."

"Sasa nikate kiasi gani?"

"Theluthi tu. Zikifika upana wa vidole vitatu, punguza kimoja. Kiangazi ziache ndefu zaidi. Na noa kisu cha mashine ya nyasi. Kisu butu huchana, hilo nisikufundishe wewe."

Kinyozi alicheka kwa aibu. Bi Uwanja akamweleza habari ya maji. Maji kidogo ya mchana hukauka kabla ya kufika chini. Afadhali mara mbili kwa wiki, alfajiri, mpaka udongo ulowane kina cha kiganja. Kisha wakachukua uma wa bustani, wakatoboa ardhi ngumu ili maji na hewa vipite.

Mvua zilipoanza, kinyozi alitawanya mboji, akapanda vipando vya ukoka kwenye vipara. Nyasi zikiwa zimelowa, hakuzikata. Jumapili mikono ilimwasha kweli. Wateja walimtania kwamba kinyozi anafuga kichaka. Yeye aliendelea kung'oa magugu.

Mvua zilipokatika, ua ulikuwa kijani kibichi. Kinyozi alimshika mama yake mkono, akamtoa nje. Mama alivua ndara, akakanyaga polepole. Hatua kumi zikapita. Akafika kwenye uzio wa michongoma, akageuka, akarudi, mkongojo akiwa ameubeba kwapani.

Kinyozi alifuta machozi bila kujificha.

"Mwanangu," mama alisema, "kichwa changu ninyoe utakavyo. Hizi niachie."