Barua Iliyopitia Kisiki

Mtambo tarishi wa Tabora ulimeza barua elfu tatu kutoka angani kwa muda ambao mtu hupiga chafya moja. Ulisoma anwani, ukaikabidhi kila barua kwa mtambo jirani, na jirani akaikabidhi kwa jirani yake, hadi mwisho wa safari. Hakuna mtambo hata mmoja ulioujua ulimwengu mzima. Kila mmoja uliijua mitambo ya jirani tu, kwa hiyo anwani ilikuwa lazima itaje vituo vyote vya njiani kwa mpangilio.

Mhandisi Nyamizi Kasanga alizichukia anwani hizo, ndefu kama treni ya mizigo. Mwezi uliopita aliuagiza mtambo wake uzifupishe: barua ikiingia, ibaki na jina la mwandishi na kituo alichopo, basi. Alijiona ameleta ustaarabu.

Jumanne asubuhi ikaingia barua ya kaka yake, Maganga, mchimba madini kwenye Mwamba Tisa, ng'ambo ya Mirihi. Mguu wake ulikuwa umepondwa na jiwe. "Daktari atanipasua Alhamisi, hawezi kungoja zaidi," aliandika. "Muulize mama, ile dawa iliyotaka kuniua utotoni iliitwaje?"

Mama yao, Bi Kalunde, hakuhitaji kufikiri. "Penisilini! Koo lilivimba mpaka maji hayapiti. Mwandikie haraka, mwanangu."

Nyamizi akabonyeza kitufe cha kujibu. Muda si muda jibu likarudi lilivyokwenda, na maneno ya mtambo wa Mwezini juu yake: Mwamba Tisa hatuujui.

Papo hapo akaelewa. Mtambo wa Mwezini haukupakana na Mwamba Tisa. Njia ya kurudia, ambayo kila kituo kiliiandika kwa uaminifu barua ilipopita, alikuwa ameifuta yeye mwenyewe. Na kupiga redio moja kwa moja hakukuwezekana, kwani Jua lilikuwa limesimama katikati.

"Kuna nini?" Bi Kalunde akauliza.

"Nimekosea, Mama. Nilikata anwani za watu ili zipendeze."

Mama akausogelea mtambo. "Utalia baadaye. Hao walioipitisha hawapigi mihuri? Posta ya zamani walikuwa wanapiga."

Walipiga, kweli. Kila kituo kiliacha jina lake na saa ya kupokea, mihuri midogo ambayo hakuna aliyejisumbua kuisoma, na Nyamizi, kwa bahati, hakukumbuka kuifuta. Akaifuata kuanzia wa karibuni hadi wa kwanza, akaandika njia kwa mkono: Mwezini, Gati la Mirihi, Kisiki, Mwamba Tisa, Maganga. Akatuma.

Kisiki ndicho kilichomtia hofu. Kilikuwa kituo cha mtu mmoja, Shaweji Mbaruku, chenye betri chakavu, na hakuna sheria iliyomlazimu kupitisha barua za watu binafsi. Ilikuwa desturi tu ya mtandao: pitisha ya mwenzio, naye atapitisha yako.

Alhamisi ikapita kimya. Ijumaa Bi Kalunde hakugusa chakula. Jumamosi adhuhuri barua ikaingia.

"Mdogo wangu, mwambie mama nipo. Jibu lenu liliingia sindano ikiwa mkononi mwa daktari, na dawa ndani yake ilikuwa hiyohiyo. Ila Shaweji wa Kisiki amelazwa kitanda cha pili kutoka changu, kaletwa na wenzangu waliompelekea betri mpya. Za zamani zilikuwa zinakufa, akazima joto la chumba chake ili barua zilizokuwa zinangoja zipite. Baridi imemla vidole vinne."

Bi Kalunde alilia kwa sauti. Nyamizi akaurudishia mtambo anwani zote ndefu, moja baada ya nyingine, kisha akaandika maneno ya mama yake: "Mwanangu Shaweji, mimi ndimi mama yake Maganga. Sikujui, lakini umeniokolea mtoto. Ahsante. Ahsante sana, baba." Anwani ikawa: Mwezini, Gati la Mirihi, Kisiki, Shaweji.

Wiki tano zikapita ndipo akajibu.

"Mama, shikamoo. Nimekaa hapa miaka kumi na moja, na barua laki nne zimepita mikononi mwangu. Yako ndiyo ya kwanza iliyoishia kwangu. Niwie radhi kwa kuchelewa. Sikujua jibu huanzaje."