Mgeni wa Kwanza wa Makumbusho ya Baba

Ilianza Jumanne, saa tisa na dakika ishirini alasiri, binti alipochukua wembe na kufumua mshono wa hirizi.

Hakuwa mtundu. Alikuwa amechoka. Kwa wiki tatu alikuwa akigeuza sebule yao kuwa makumbusho ya vitu vya dini ambavyo baba yake, dereva mstaafu wa lori, alipewa njiani kwa miaka arobaini: tasbihi, misalaba, kengele za shaba, vitabu vya sala vilivyoliwa na mchwa. Kila kitu kilihitaji kadi: ni nini, kimetoka kwa nani, ndani mna nini. Habari hizo hazikuwa popote ila kichwani mwa baba, na tangu apate kiharusi kichwa hicho kilikuwa kama debe linalovuja. Ndiyo maana alikuwa na haraka.

"Ile hirizi ya ngozi iache ilivyo," baba alikuwa amemwambia. "Bibi aliyenipa alisema isifunguliwe."

Lakini kadi yenye nafasi tupu ilimnyima usingizi. Ndani alikuta karatasi iliyokunjwa mara saba, haina hata nukta. Akaandika "karatasi tupu", akaishona hirizi upya, akarudi kufuta vumbi. Chumba kilianza kunuka nywele zilizoungua. Akafungua dirisha.

Jumatano asubuhi alimsikia baba sebuleni, sauti imechangamka kama enzi zake.

"Kengele hii kanipa padri mmoja. Lori limekwama matopeni, mwenyewe na kanzu yake nyeupe akaja kusukuma! Alitoka hapo huwezi kumtofautisha na tairi."

"Baba, unaongea na nani?"

"Na mgeni. Mtu msikivu huyu! Si kama nyinyi, mkisikia 'zamani' tu mnatafuta viatu."

Kiti cha wageni kilikuwa kitupu. Mto wake ulikuwa umebonyea.

Alasiri alileta kadi. "Baba, yule padri wa kengele ilikuwa mwaka gani?"

"Kengele gani?" Mzee aliigeuzageuza mikononi kama mali ya mtu mwingine. "Padri gani, mwanangu?"

Shangazi, dada yake baba, aliyekuja na chakula cha jioni, alicheka aliposimuliwa. "Si nilisema? Mmegeuza sebule ghala la Mungu, sasa mnashangaa wakija wateja." Kisha mto ukabonyea mbele ya macho yake, polepole, kama mtu mzito anavyojishusha, na shangazi akaiweka sufuria sakafuni.

Binti alimkataza baba kuongea. Mzee alikubali, akasahau kuwa amekatazwa. Alhamisi harufu ilikuwa imeshika mapazia na nguo na mate mdomoni, na kutwa nzima, akiwa jikoni, akiwa uani, akiwa amejiziba masikio kwa mito, binti alimsikia baba yake akitoa hadithi moja baada ya nyingine, ya tasbihi, ya msalaba wa mti, ya safari aliyolala siku nne porini, na baada ya kila hadithi alisikia pumzi ndefu ya mtu aliyeshiba, ambayo haikuwa ya baba, kisha kimya, kisha sauti ya mzee ikianza upya, nyembamba kuliko mwanzo. Alipompelekea uji, baba alimtazama kwa adabu.

"Ahsante, nesi," alisema.

Jioni ile shangazi alileta mzee wa kusoma dua. Hakukemea wala kufukiza. Aliipapasa hirizi, akatikisa kichwa.

"Umeshona vizuri, mwanangu. Ila mwenyewe katoka."

"Arudishwe basi," shangazi alinong'ona.

"Atarudi. Kisomo chake ni siku saba. Huyu jini hagusi mwili; anakula anayosimuliwa. Na mkimhamisha mgonjwa, atamfuata."

"Siku saba!" binti alisema. "Baba atakuwa amebaki na nini?"

Yule msoma dua alikusanya vitabu vyake. "Hana urafiki na baba yako. Humfuata yule anayemsimulia vizuri zaidi."

Kesho yake asubuhi, kabla baba hajaamka, binti alinawa uso, akavaa nguo safi kama anayekwenda kazini, akamfungia baba mlango wa chumba chake kwa nje. Aliketi mkabala na kiti cha wageni. Alianza na chuo kikuu, miaka mitatu ya mihadhara ambayo hata ingepotea asingeililia. Alisimulia kwa utaratibu, muhula kwa muhula. Mto haukubonyea. Chumbani, baba alikohoa, akaanza kumwita mgeni wake.

Binti alifumba macho.

"Marehemu mama yangu," alisema, "alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kushoto. Nilikuwa naligusa ndipo nilale."

Kiti kikasogea karibu.