Mwano wa Felisita

Cheka, Nyanda. Cheka mpaka meno yakauke. Umetoka mjini na pikipiki kuja kununua kompyuta mbovu, bibi wa darasa la nne anakuambia iliua mtu, unaona nimechanganyikiwa. Mimi nilikuwepo. Wewe ulikuwa wapi?

Na kikombe cha chai shika kwa mkono wa kulia. Ulilelewa wapi?

Sikiliza. Ilikuwa msimu ule kampuni binafsi zimejaa Bariadi kama inzi zizini, kila moja na mizani yake. Mwanangu Joakim alikuwa karani wa mnunuzi mmoja, Mayala. Alikaa mbele ya kompyuta hii, inavuta bei ya pamba ya huko nje kwa waya wa simu, inaichora mstari. Joakim akaiandikia amri yake mwenyewe: mstari ukishuka chini ya alama, ilie, Mayala asimamishe kununua. Ikawa inalia kama kifaranga. Mashine za kuchambua pamba zinanguruma, nani asikie?

Basi mwanangu akafanya ujinga. Akaenda kwa jirani yetu Felisita, mjane mwenye sauti ya kuvuka mto, akamrekodi akipiga mwano, lile yowe la hatari, liwe mlio wa kompyuta. Wewe ni Msukuma, unajua. Mwano ukipigwa kila mwanaume anatoka na silaha, hata tonge likiwa mdomoni. Asiyetoka ana lake.

Felisita alicheka kweli. "Mayu, leo nimeajiriwa na kompyuta!"

Msimu wa pamba haujaisha, watu wakamkata Felisita mapanga. Macho mekundu, wakasema, mchawi. Macho ya moshi wa kuni! Mimi nasema alikuwa na shamba zuri linalopakana na mtambo wa Mayala. Mimi nilikuwa kijiji cha Kasoli, msibani. Alipiga mwano mpaka koo likakatwa. Wanaume wote walibaki ndani, wamekomea milango. Mmoja alichungulia dirishani, akaona watu wawili wakikimbia. Wawili.

Haukupita muda, jioni jua linazama, nikampelekea Joakim ugali ofisini. Nikamkuta amelowa jasho. Mayala yuko nyuma yake anafoka.

"Bei haijashuka! Mbona inalia?"

"Amri iko sawa, bosi. Nimeisoma yote."

Ikalia.

Mwano. Sauti ya Felisita.

Joakim akaongeza alama, akapunguza. Ikalia. Akaifuta amri yote. Ikalia. Akafuta na ile sauti aliyorekodi, akachomoa spika. Ikalia. Chumba kikaanza kunuka... harufu ya machinjioni, damu ya moto.

Akang'oa waya wa umeme. Kioo kikawa cheusi.

Mwano haukukata.

"Mayu, mama yangu," akaninong'oneza, "niliyorekodi ilikuwa fupi. Hii haipumui."

Nje, filimbi za sungusungu. Miguu. Mlango ukapigwa teke, wakajaa ndani na mapanga na marungu, wa mtaani na vibarua wa mtambo, wengine hata kwa sura siwajui. Mbele yao Mboje, kamanda wao.

"Nani anapiga mwano?"

Waliijua sauti ile. Wote walishawahi kuisikia wakiwa kitandani.

"Joakim," Mboje akasema taratibu, "umemfungia marehemu kwenye sanduku?"

"Mchawi!" mtu akapayuka.

Rungu likampata mwanangu begani, nikasikia mfupa. Akaanguka. Panga likapanda juu. Nikajitupa juu yake.

"Nikateni mimi kwanza! Nyie wanaume wa kujifungia! Aliwaita akiwa hai hamkutoka, leo amekufa ndio mnakuja mbio?"

Panga likasita hewani.

Na mashine ikanyamaza.

Kisha pumzi. Nzito, kama mtu aliyekimbia. Kisha maneno ambayo mwanangu hakuyarekodi kamwe, ya usiku ule wa kukatwa kwake.

"Mayala... hilo si panga langu nililokuazima?"

Mayala alirudi nyuma mpaka ukutani. Akajikojolea, mtu mzima na suruali ya suti.

"Sikuwa peke yangu!" akalia. "Nawatajia! Tulikuwa na..."

Rungu likamwahi mdomoni. Meno yakaruka mpaka kwenye ugali wangu. Halafu ndipo mapanga yakashuka, na sitakueleza yalivyoshuka. Nilisugua sakafu ile kwa majivu, na kioo hiki, ukikitazama pembeni, bado kina wekundu.

Joakim aliishi. Bega limepinda, kompyuta hagusi tena. Anasema labda kulikuwa na umeme uliobaki ndani, labda kosa la amri. Yale maneno ya panga haelezi. Anainuka anaondoka.

Mimi linaloninyima usingizi ni lile rungu la kwanza kumpata Mayala, lile la mdomoni. Wenzake walikuja kuua. Yule alikuja kuziba mdomo. Sikumwona uso, watu walikuwa wamesongamana. Niliona mkono tu.

Ulikuwa wa kushoto.

Mbona hucheki tena? Na kikombe umekishika kwa kushoto tena, chai inakumwagikia miguuni. Siku nzima una haraka na mashine mbovu, na hujauliza hata inaumwa nini.

Kaa, baba. Ikague vizuri, usije ukauziwa kitu kibovu. Haijachomekwa kwenye umeme, haina shida. Ikinyamaza, nitakufungulia uichukue bure. Ikilia, wanaume wa hapa siku hizi wanatoka wote.

Mimi natoka nje. Naufunga mlango.