Kipimo cha Jioni

Dobi alipiga pasi kutwa katika chumba cha nyuma cha duka la kufulia. Joto lilikuwa kali. Kila akimaliza mashati matano, alikunywa maji bilauri nzima. Mumewe alikuwa fundi wa minara ya simu, huko mbali, na alirudi nyumbani mara moja kwa miezi miwili. Siku nyingine zilipita Dobi asiseme neno ila "karibu" na "tayari".

Wiki mbili baada ya mumewe kuondoka, matiti yakaanza kumuuma. Harufu ya sabuni ikamtia kichefuchefu. Akaanza kutumaini mimba, maana walikuwa wametafuta mtoto miaka mitatu. Siku yake ya hedhi ilikuwa bado siku tatu, lakini uvumilivu ulimshinda. Jioni, alipotoka kazini, alinunua kipimo cha mkojo akajipima. Mstari mmoja. Hana mimba.

Alilia. Hakuwa na wa kumwambia.

Siku ya hedhi ikafika, ikapita. Wiki nzima ikapita. Kichefuchefu kikazidi. Dobi akaenda duka la dawa.

"Nipe dawa ya minyoo, mama. Tumbo linanisumbua."

Muuza dawa, mama wa makamo, alimtazama. "Mwanangu, hedhi yako iko wapi?"

"Imechelewa. Lakini nimeshapima, sina kitu."

"Ulipima lini?"

"Jioni, siku tatu kabla ya tarehe yangu."

"Na maji ulikunywa?"

"Mimi dobi, mama. Nakunywa kama rejeta mbovu ya gari."

Muuza dawa akacheka, kisha akamvutia kiti. "Basi uliharakisha. Mimba ikiwa changa sana, kipimo hakiioni. Ilifaa ungoje siku ya hedhi ipite, kama sasa. Halafu tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Wa jioni, na maji yote hayo, ni mwepesi mno."

"Na hiki kichefuchefu?"

"Hiyo ni dalili, si jibu. Hata hedhi ikikaribia, matiti huuma. Pima tena kesho. Ukiona mstari mmoja na hedhi haijaja, nenda kliniki. Ukiumwa sana chini ya tumbo au ukitoka damu, usingoje, kimbilia hospitali. Dawa ya minyoo sikupi mpaka tujue, haifai kwa mimba changa."

Asubuhi Dobi alipima kwa kipimo kipya kabla ya kunywa chochote. Akangoja dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Mistari miwili.

Alikaa kitandani. Alifurahi mno, na hakukuwa na mtu wa kumkumbatia. Hilo nalo lilimuuma.

Siku hiyo hiyo alikwenda kliniki. Wakampima damu, wakampa vidonge vya kumsaidia mtoto kukua vizuri, na tarehe ya kurudi. Alipotoka, alimpigia mumewe simu akamweleza.

Mumewe alicheka kwa furaha.

"Na wewe je, unaendeleaje huko peke yako?" akauliza.

Miaka yote Dobi alikuwa akimjibu, "Niko salama, wewe fanya kazi."

"Nimechoka kuwa peke yangu," Dobi alisema safari hii. "Rudi."

Jumamosi mumewe alikuwa mlangoni na begi lake.