Paneli Juu ya Paa la Yeremia

Asubuhi nikishasali, nafungua dirisha la mbele na kukaa kwenye cherehani. Nyumba yetu iko Mabatini, mlimani katikati ya mawe. Aliijenga marehemu mume wangu, Yeremia. Siku za Jumamosi alikuwa anapanda juu na nyundo, misumari ameibana kwa midomo, huku anaimba nyimbo za kanisani kupitia puani. Mimi nilikuwa chini, nampokeza mabati. Upepo wa ziwa ulipozidi, alipanga mawe juu ya bati, moja moja, bila haraka. Tangu afariki ni miaka tisa. Miaka yote hiyo sijamruhusu mtu apige hata msumari mmoja kwenye paa lile.

Cherehani yangu ni ya umeme. Mwaka huu nilipewa kazi ya kushona sare za kwaya ya parokia, zivaliwe sikukuu ya somo wetu, mtakatifu msimamizi wa parokia. Lakini umeme ukawa unakatika mchana. Ndipo binti yangu Hellen, aliyeolewa Geita, akaniletea paneli mbili za sola, betri na inveta. Inveta ni kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha cherehani.

Shemeji yangu Ngosha, mdogo wake Yeremia, akasema atafunga mwenyewe.

"Lakini paa la kaka yako usilitoboe," nikamwambia.

"Nitoboe nini, shemeji? Mawe si yapo!"

Akazilaza paneli juu ya bati, akazikandamiza kwa mawe kila pembe. Waya wa inveta akauunga kwenye nyaya za nyumba, zile zile za umeme wa gridi. Nikafurahi. Paa lilibaki kama Yeremia alivyoliacha.

Hapa mlimani, mlango wa jirani wa juu unatazama paa la jirani wa chini. Jirani yangu wa juu ni Mboni, binti wa mzee Muhidin. Yeye ni fundi umeme mwenye leseni. Kesho yake akashuka kwetu, mswaki bado mkononi.

"Shikamoo mama Hellen. Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba," akajibu Ngosha. "Mbona na mswaki? Maji yamekatika kwenu?"

"Maji yapo. Ni paa lenu ndilo limenikatisha. Hizo paneli kafunga nani?"

"Unaye mbele yako."

"Basi nakuomba uzime kwanza, halafu tuongee."

"Wee! Nimekubeba mgongoni wewe, leo unanipa amri?"

"Nilikuwa mzito?"

"Sana!"

"Basi paneli moja ni nzito kuliko mimi wa siku zile. Na iko juu ya kitanda cha mama."

Nilicheka. Kisha nikaona Mboni hacheki.

"Bati limelala, upepo unapita juu yake," akasema. "Paneli imeinuka kidogo. Upepo unaingia chini yake na kuinyanyua kama ungo. Jiwe litaporomoka, paneli itafuata, na chini watu wanapita. Na huo waya ndio mbaya zaidi. Umeme wa gridi ukikatika, wa kwenu unatoka nje na kupanda nguzoni. Kule juu yuko fundi. Anashika waya akijua hauna kitu."

Ngosha aliinuka. Akaenda akazima.

"Sasa tufanyeje, mwanangu?" nikauliza.

"Tuanzie ofisini, mama, tuombe kibali."

Kwenye ofisi ya mtaa, mtendaji alitutuma kwa mhandisi wa halmashauri. Akasema tusikisie, maana kila halmashauri ina utaratibu wake. Nikabeba karatasi za nyumba na mchoro aliouchora Mboni. Akanipa na nakala ya leseni yake.

"Fundi yeyote mwombe hii," akaniambia. "Inatolewa na EWURA, mamlaka ya nishati. Soma jina, soma na tarehe ya kuisha. Usione aibu."

Baada ya siku chache akaja mkaguzi wa halmashauri, bwana Obedi. Akapanda darini na tochi. Akachoma mbao kwa bisibisi. Upande wa chumba changu ikaingia kama kwenye kiazi kilichochemshwa.

"Mama, kenchi zinazobeba paa upande huu zimeliwa na mchwa. Hazitabeba paneli. Mpaka zibadilishwe, kibali siwezi kutoa."

"Haziguswi," nikasema. "Alizipiga mume wangu."

"Pole mama. Lakini..."

"Basi sola iondoke. Nitaazima cherehani ya mguu."

"Hata sola ikiondoka, paa hili litaanguka. Nawe unalala chini yake."

Nikaingia chumbani. Nikashika rozari, nikasali fungu moja. Ngosha akaja, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Shemeji, zile mbao tulizitoa kwenye banda bovu la baba, kule Bujora. Kaka alijua ni kuukuu. Aliniambia, 'Ngosha, hizi ni za kushikizia tu, mwaka kesho tunabadilisha.' Kila mwaka alisema mwaka kesho, mpaka akaugua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unalitazama lile paa kama altare. Ningeanzia wapi?"

Nikawaona tena wote wawili, vijana, juu ya paa, wanagombea nyundo moja. Machozi yakanitoka kidogo. Kisha nikatoka nje.

"Toeni mbao hizo," nikasema. "Mwenyewe alitaka zitolewe."

Seremala akaweka kenchi mpya. Mboni akafunga reli za alumini kwa boliti, paneli zikakaa juu yake. Akavuta waya wa ardhi mpaka chini, umeme ukivuja uishie udongoni. Ndani akaweka swichi inayochagua sola au gridi, kamwe si vyote pamoja. Bwana Obedi akarudi. Akazitikisa paneli, akaijaribu swichi mara tatu, kisha akatoa karatasi.

"Mwenye nyumba aandike jina hapa."

Kwenye karatasi zote za nyumba hii nimezoea kuandika jina moja. Nikaanza: *Marehemu Yer...*

"Mama," akasema taratibu, "mirathi si ilikwisha? Nahitaji mtu wa kumuuliza bati likiruka."

"Bati haliruki," akadakia Ngosha. "Niandikeni na mimi, msaidizi wa Mboni!"

"Msaidizi wa kubeba ngazi," akasema Mboni.

Nilikuwa bado nimeshika kalamu. Nikalikata lile jina kwa mstari mmoja ulionyooka. Chini yake nikaandika langu: *Bernadeta*.

Saa nane mchana umeme ulikatika. Majirani wakaanza kulalamika mlima mzima. Nikageuza swichi, nikaendelea na kola ya sare ya kumi na saba.