Nyumba Iliyokataza Jina

Wazazi wenzangu, mnaosoma na mnaosomewa, nipeni masikio. Habari hii sikuhadithiwa. Shamba langu la mpunga lilipakana na shamba la watu hawa, na mbugani hakuna siri: mtu akikohoa kwake, jirani anamsikia.

Mnajua wenyewe kijiji chetu cha Michenga kinavyokuwa mpunga ukishaanza kutoa masuke. Kijijini wanabaki mbwa na wagonjwa. Sisi wengine tunahamia mbugani, usiku tunalala vibandani, na kutwa tunakaa juu ya madungu, yale majukwaa ya miti, kuamia ndege wasile mpunga. Watoto wanapiga madebe, wanarusha madonge ya udongo kwa kombeo, wanaimba, wanataniana mpaka wanatukanana. Ukipita asubuhi umande haujakauka, utadhani kuna harusi.

Katika sauti zote hizo, mimi nilizipenda za watoto wa Leodegar. Kelestini alikuwa kijana tayari, ndevu zimeanza kuchungulia. Dada yake Klementina ndiye aliyemfuata. Baba yao aliwajengea madungu mawili, moja kila upande wa shamba, na katikati mpunga ulisimama mrefu hata wakikaa hawaonani. Basi Kelestini alikuwa akipaza sauti, "Upooo?" Klementina anaitika, "Nipooo!" Kisha naye anauliza, naye anajibiwa. Kutwa nzima ni hivyo.

Siku moja niliwaambia, "Ninyi watoto mnatuchosha masikio. Hivi mmoja wenu angekwenda wapi?"

Kelestini akacheka. "Shangazi, huyu anasinzia. Ndege wakimbeba nitajuaje?"

Mwaka hamsini na tatu mto ulijaa mapema. Leodegar aliwatuma watoto wake wavushe mbegu na mikeka kwa mtumbwi, kazi waliyoifanya kila mwaka. Walipofika katikati, mtumbwi uligonga kisiki kilichofunikwa na maji, ukapinduka. Kelestini alimsukuma dada yake mpaka akayakamata matete. Yeye mwenyewe hakuyafikia. Wavuvi wa Kivukoni waliposikia kelele walikuja mbio na mitumbwi yao, wakamkuta Klementina ameng'ang'ania matete, anaita, "Upo? Kelestini, upo?" Walimtafuta kaka yake mpaka wakakata tamaa. Mto haukumrudisha.

Tukanyoa nywele, tukakaa matanga bila kaburi. Aliyewahi kuomboleza bila kaburi anajua ubaya wake. Hujui ugeuze uso upande gani.

Siku ya kuondoa matanga, Leodegar alisimama mbele yetu. Nasema mapema: hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, ningemaliza kumsema kwa neno moja na kwenda zangu jikoni. Alisema, "Tumelia, imetosha. Kuanzia leo jina la marehemu lisitajwe nyumbani kwangu. Njaa ya vita vya Wajerumani iliniondolea baba na mama nikiwa mdogo kuliko huyu binti. Nani alinibembeleza? Hakuna. Nilikaza moyo, na leo nina mke na shamba. Mtoto akibembelezwa kwenye msiba anakuwa mlegevu maisha yake yote."

Wazee walitikisa vichwa kukubali, na wanawake tukaangalia chini. Hapo ndipo maafa ya pili yalipoanza, na haya hayakuletwa na maji.

Natalia, mke wake, sote tulimwita Mama Kelestini tangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Hata mumewe alimwita hivyo. Mara ya kwanza kukutana naye kisimani baada ya matanga, nilifungua mdomo kumsalimu kwa jina lake hilo, akaniziba mdomo kwa kiganja kilicholowa.

"Usiniite hivyo, dada," aliniambia. "Niite Mama Klementina."

Nikamwita hivyo. Lakini nilikuwa nikimwita mara mbili tatu ndipo anageuka, kana kwamba ninamwita mtu mwingine aliye nyuma yake. Mumewe naye akimwita hivyo, ilikuwa vilevile. Mashati ya kijana yakatolewa ndani, na upondo wake wa kusukumia mtumbwi ukachomwa moto. Dungu lake tu ndilo lililobaki, kwa sababu hakuna aliyethubutu kulipanda hata kwa kulibomoa.

Mpunga ulipotoa masuke, Natalia alimsihi mumewe. "Baba Klementina, tumpeleke mtoto kwa dada yangu Ifakara. Akae na wenzake kidogo. Hali chakula vizuri, na usingizini anaweweseka."

"Aende shambani akazoee," Leodegar alijibu. "Kazi itamtoa mawazo."

Klementina akapanda dungu lake peke yake. Siku za mwanzo alikaa kimya. Ndege walishuka kwenye mpunga wa baba yake kama walioalikwa, na yeye anawaangalia. Nilikuwa nikiwapigia ndege wale madebe kutoka kwangu, huku nikinung'unika.

Kisha adhuhuri moja, nikiwa nasuka mkeka juu ya dungu langu, nikamsikia: "Nipooo!"

Niligeuka kuona nani amemwita. Hakuna. Baada ya kitambo akaitika tena. Halafu tena. Alikuwa akinyamaza kidogo, ameinamisha kichwa upande wa dungu lile tupu, muda uleule ambao zamani kaka yake alikuwa akiuliza, kisha anajibu. Lilikuwa jua kali la mchana, wazazi wenzangu, na nywele zilinisimama.

Watoto wa madungu ya jirani waliacha kuimba. Baadhi wakaanza kumwigiza, wakicheka kicheko cha watu wenye hofu. Watu wazima wakasema ana mashetani. Kila mtu alikuwa na la kusema juu yake. Aliyemsemesha yeye mwenyewe hakuwepo. Chakula alichopelekewa alikigawa nusu, nusu moja anaiweka kwenye jani, anashuka nayo na kuiacha chini ya dungu la kaka yake. Mifupa ya shingo ikamtoka.

Nilimfuata Leodegar alipokuwa akirekebisha tuta. "Kaka, binti yako anamjibu nani kule?"

"Anafukuza ndege."

"Ndege hawamuulizi mtu kama yupo."

"Dada," alisema, "shamba lako liko upande ule."

Nilirudi nimefura. Lakini jambo moja lilinikaa rohoni: alipokuwa akinijibu hakunitazama. Alikuwa ametega sikio mtoni.

Siku ya siku ilifika alasiri, watu wengi wakiwa wanapika. Klementina aliitika mara kadhaa kama kawaida yake. Kisha sauti ikabadilika, ikawa ya furaha, sauti ya yule binti wa zamani. "Nakujaaa!"

Mkeka ulinidondoka. Nilimwona akishuka ngazi bila haraka, kisha mpunga ukampokea, na vilele vyake vikawa vinatikisika kuelekea mtoni. Kule kuna tawi la mto ambalo hata wavuvi hawaliingii kwa miguu, kwa sababu ya mamba. Nilipiga kelele. Hakugeuka hata kidogo.

Natalia alikuwa akitwanga kibandani. Mchi niliuona ukianguka. Hakumkimbilia mtoto, maana asingemuwahi. Alikimbilia dungu la Kelestini. Ngazi iliyooza ilivunjika chini ya mguu wake, akajivuta kwa mikono, akasimama juu pale alipokuwa akisimama mwanawe.

"Klementina!" aliita. Binti alikuwa ameingia majini, maji yamefika kiunoni. "Klementina!" Akazidi kwenda.

Hapo Natalia alivuta pumzi, akaipasua ile sheria ya mumewe mbele ya mbuga nzima.

"Mimi ni Mama Kelestini! Mama Kelestini anakuita! Upooo?"

Binti akasimama. Hakugeuka bado, lakini alisimama, maji yakimzunguka kifuani. Ndipo mtoto mmoja wa jirani, mmoja wa wale waliokuwa wakimwigiza, akaita kutoka dungu lake, "Klementina, upooo?" Na mwingine. Na mwingine. Nami nikaita mpaka koo likauma. Kila dungu lililokuwa na mtu liliuliza swali lile moja, na Leodegar alipita katikati ya sauti hizo akikimbia, akiukanyaga mpunga wake mwenyewe aliouthamini kuliko macho yake.

Nilipofika ukingoni alikuwa amekwisha kumshika binti yake mkono. Walisimama majini wawili. Klementina alikuwa anamwangalia baba yake usoni.

"Baba," alisema, "na wewe unamsikia?"

Nilidhani atamkaripia. Lakini yule mtu aliyekaza moyo tangu utoto akalia kwa sauti.

"Namsikia, mwanangu," alisema. "Kila jioni nikija kuoga. Ananiuliza kwa nini nilimtuma."

Natalia alikuwa amefika, goti linavuja damu. "Mimi ananiita nikitwanga," alisema. "Nilifikiri ni mimi tu."

Hebu fikirini. Watu watatu, sufuria moja, mkeka mmoja wa kulia chakula, na kila mmoja anaitwa na sauti ileile, kila mmoja akidhani amepagawa peke yake. Siku zote hizo walikuwa wakipeana chumvi na kusema habari za ndege.

Jioni ile walilia upya, na safari hii walilia kwa jina. Leodegar alisimulia habari za mama yake aliyekufa kwa njaa, habari ambazo mkewe hakuwahi kuzisikia tangu aolewe. Sisemi kwamba binti alipona palepale. Wanaosema watu hupona palepale wananichekesha. Alikaa Ifakara kwa mama yake mdogo miezi mingi, pamoja na binamu zake wenye kelele, na kuna siku alirudi nyuma tukaogopa tena. Lakini kila alipoisikia ile sauti alimwendea mtu. "Leo kaka ameniita," anasema. Na mtu yule hakumwambia nyamaza. Alimuuliza, "Amesemaje?"

Msimu uliofuata Klementina aliomba mwenyewe kurudi mbugani. Leodegar alitengeneza ngazi ya dungu la mwanawe, akalipanda yeye, mtu mzima na mvi zake. Sote tulimwona amekaa pale, hajui aweke wapi mikono. Kisha kwa sauti iliyokwaruza akaita, "Upooo?"

Mbuga nzima tuliacha madebe, tukasikiliza. Akaita tena, sauti ikamkatika katikati. Nilidhani atashuka.

"Nipo, baba!"

Tukashusha pumzi. Lakini binti alikuwa hajamaliza, maana mchezo wao tangu zamani ulikuwa wa pande mbili.

"Na wewe, baba, upooo?"

Nadhani tangu mwaka ule wa njaa, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Leodegar swali hilo. Alivua kofia, akaishika kifuani, na alipoitika aliitika kwa sauti ndogo mno hata nina hakika haikuvuka shamba.

Binti akauliza tena, naye akaitika tena, kwa nguvu.

FUNZO

Wazazi, mtoto hawi imara kwa kuachwa na msiba wake. Leodegar alidhani ameuponyoka upweke, kumbe upweke ulimfuata mpaka nyumbani kwake, ukakaa na mkewe na binti yake. Kijana akiondokewa na mtu, mtajieni jina la mtu huyo. Msilifiche pamoja na nguo zake. Akiacha kula, akinyamaza kupita kiasi, au akisema maneno ya kutisha, msimcheke wala msikimbilie kusema ana mashetani. Kaeni karibu naye mumuulize, na mkishauliza mngojee jibu, hata likichelewa. Wala msione haya kumwambia kwamba na ninyi mnaumia, kwa sababu mtoto anayedhani anaumia peke yake humtafuta wa kumjibu popote, hata majini.

Na ninyi wazee wenye mioyo iliyokazwa, msingoje mpaka binti wa watu aingie mtoni ndipo mseme kilichowapata. Mto ule bado unapita nyuma ya mashamba yetu, Kelestini bado hajarudishwa, na siku za utulivu hata mimi huacha kusuka mkeka nikatega sikio. Kisha naita madungu ya jirani, moja baada ya jingine, mpaka yote yaniitikie.