Mchomelea Vyuma na Wimbo Mmoja

Uongo nawaachia wasiojua kusimulia; huyu ni rafiki yangu. Mchomelea vyuma, vidole vigumu kama misumari, alijifunza gitaa ukubwani ili apige wimbo mmoja kwenye harusi ya bintiye. Kila jioni, akiwa hoi kwa kazi, alikwama palepale, akasonya, akaanza upya.

“Baba, samaki hukunjwa angali mbichi. Wewe umeshakauka,” binti alimtania.

“Niache, mama. Nitaupata.”

Jioni moja umeme ulikatika. Akaliacha gitaa kitandani, akaenda sebuleni kupapasa mshumaa. Huku nyuma, chumbani, wimbo ukaanza. Ukakwama palepale. Ukasikika msonyo, kisha wimbo ukaanza upya, ukapita hadi mwisho.

“Hongera, baba,” binti akaita kutoka jikoni. “Leo umeupata.”

Akarudi chumbani gizani, akazigusa nyuzi. Zilikuwa bado na joto.